Muulize Fundi: Darubini ina madoa, niifungue?

Masika yamekatika, watu wametoa darubini makabatini na kukuta humo ndani kumeingia mambo. Barua ni nyingi, nimechukua tano. Ya mwalimu nimeijibu kwa kirefu, kwa hiyo hata kama swali lako ni jingine, anzia hapo.

SWALI: Shikamoo mama fundi. Mimi ni mwalimu wa fizikia, sekondari moja hapa Usa River. Wageni waliokuja kujitolea walituachia darubini ya kutazamia nyota, ikakaa stoo muda mrefu. Juzi tuliitoa tuwaonyeshe wanafunzi mwezi. Kila mtoto akawa anauliza kama yale madoa meusi ni mashimo ya mwezini. Mengine ni mashimo kweli, lakini mengine yapo hata tukielekeza darubini ukutani. Lenzi ya jicho, ile ndogo unayoiwekea jicho kutazama, imeandikwa PL 25mm. Mwenzangu wa kemia anasema tuifungue, vioo vyake tuvioshe kwa sabuni ya unga. Nimemzuia kwanza nikuulize.
Mwalimu, Usa River

JIBU: Marahaba mwalimu, na umefanya vizuri kumzuia. Sabuni ya unga ibaki kwenye sare.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha mkosaji ni hiyo lenzi ya jicho. Usiku elekeza darubini kwenye mwezi, weka picha sawasawa, kisha shika lenzi ya jicho uizungushe taratibu ndani ya tundu lake bila kugusa kitu kingine. Madoa yakizunguka nayo, uchafu umo humo. Yakibaki palepale, angalia kile kioo kinachopindisha picha kuja jichoni, kama darubini yenu inacho. Yakiogelea na kukimbia kila ukiyafuata, hayo yamo ndani ya jicho lako mwenyewe, na hayo mimi siyasafishi. Kioo kikubwa cha mbele usikishuku. Vumbi la kule halionekani kama doa, linakula mwanga kidogo tu.

Na msimulike lenzi kwa tochi ya simu kutafuta uchafu. Kwa tochi hata lenzi mpya itakutisha. Nimeletewa lenzi nyingi zilizokuwa nzima kabisa mpaka siku mwenyewe alipozimulika tochi, akaona vumbi, akaanza kusugua.

Sura ya doa nayo inasema kitu. Ndani ya lenzi ya aina yenu kuna pete nyeusi, ndiyo inayokata lile duara la picha mnaloliona. Uzi au kope ikinasa kwenye pete hiyo, mtaiona kali, imechongoka, pembeni mwa duara. Vumbi lililokaa juu ya kioo chenyewe linaonekana kama kivuli kilichofifia. Kwa hiyo doa kali la pembeni halihitaji kufungua kitu. Pete hiyo inafikika kwa chini, kupitia ile shingo ya chuma inayoingia kwenye darubini. Puliza, litatoka.

Kupuliza si kwa mdomo, mate yanafuata. Nenda duka la dawa ununue kile kipira cha kufyonzea makamasi ya watoto wachanga. Kipya, jamani. Kibonyeze hewani kwanza kitoe unga wake wa kiwandani, ndipo ukielekeze kwenye kioo. Upepo wa gereji usiuguse kabisa. Una mafuta na maji ya kompresa, na nguvu yake inasukuma vumbi mahali ambapo halikuwepo.

Baada ya hapo safisheni nje. Fikiria darasa zima limebandika macho pale, na kila jicho lina kope, na kila kope ina mafuta. Sehemu kubwa ya ukungu ninaoletewa hapa Kaloleni nikiambiwa "umo ndani, mama" nauondoa nje, mwenye lenzi akiwa bado hajakaa kwenye benchi.

Mtahitaji vimiminika viwili. Cha kwanza ni maji yasiyo na madini, yale ya kuongezea betri ya gari. Someni chupa vizuri na mumuulize muuzaji mara mbili, maana chupa nyingine inayokaa rafu hiyohiyo ni asidi. Maji ya bomba hapana. Maji ya mlima Meru yana madini mengi, meno yetu watu wa Arusha yanajulikana kwa floridi yake, na tone likikauka juu ya kioo linaacha duara jeupe. Cha pili ni isopropili, ile spiriti ambayo mafundi simu wanasafishia bodi. Fundi simu yeyote pale jirani na Soko Kuu atakumiminia kidogo. Spiriti ya kusafishia vidonda usiitegemee, kwa sababu nyingine huwekwa mafuta ya nyonyo ya kulainisha ngozi, na mafuta hayo yanabaki kwenye lenzi. Sanitaiza ina gliserini. Konyagi ina vya kwake vya ladha. Kuna watu wananiuliza habari ya Konyagi kila msimu, kwa hiyo nimeshajibu.

Pamba iwe ya hospitali. Isokote mwenyewe kwenye njiti ndefu, iwe laini, ncha ya njiti isifike kioo. Ichovye kwenye maji, ikung'ute mpaka isidondoke, kisha ipitishe juu ya kioo kwa uzito wake yenyewe, ukiivingirisha kidogo kila inapokwenda ili upande uliookota chembe usirudi kwenye kioo. Itupe. Chukua nyingine. Hapa ndipo ubahili unapoharibu lenzi, mtu anafuta kioo kizima kwa pamba moja ili asimalize pakiti ya shilingi chache. Baada ya maji, fanya vilevile kwa spiriti, kutoka katikati kwenda nje. Usidondoshe kimiminika moja kwa moja juu ya kioo, kitapenya pembeni kiingie ndani, na hapo mtakuwa mmejitengenezea sababu ya kufungua.

Kwa nini uangalifu wote huu? Ile rangi ya zambarau au kijani unayoiona ukiinamisha lenzi ni utando wa kupunguza mng'ao. Kampuni ya Zeiss ya Ujerumani ndiyo iliyoupata katika mwaka 1935, na hadi leo mwingi ni wa magnesiamu floridi. Floridi, ndiyo, wa ukoo mmoja na ile ya meno. Unene wake ni kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Ukiusugua ukaondoka, haurudi.

Tazameni mwezi tena. Kwa lenzi ya shule naweza kula kiapo kwamba kazi itaishia hapo.

Isipoishia, yaani bado kuna utando katikati mahali ambapo pamba haifiki, basi fungueni. PL ni kifupi cha Plössl, mtengeneza vyombo wa Vienna aliyeitoa lenzi hii mwaka 1860. Ndani kuna vioo vinne, lakini mkononi mtahesabu viwili, kwa sababu kila viwili vimegundishwa vikawa kimoja. Vilivyogundishwa msivitenganishe wala msiviloweke. Gundi ya zamani ilikuwa utomvu wa mti wa Kanada wa jamii ya misonobari. Ya siku hizi ni imara zaidi, ila nayo ukingo wake haupendi kulowa.

Chagueni chumba kidogo. Fungeni madirisha, zimeni feni, pangusa meza kwa kitambaa kibichi. Vumbi letu la volkano lina chembe ngumu za kutosha kukwaruza kioo, na mchana wa kiangazi liko kila mahali. Tandikeni taulo jeupe ndani ya sinia lenye ukingo, kioo kikiteleza kisifike sakafuni. Mikono ioshwe, ikauke, isiwe na losheni.

Vueni ule mpira wa jichoni. Kisha mmoja ashike mwili wa lenzi, aizungushe shingo ya chuma kinyume cha saa. Nyingi zinatoka bila ugomvi. Nyuma yake mtakuta pete nyembamba nyeusi yenye vipasuko viwili vinavyotazamana. Hiyo ndiyo pete ya kubania, imekaa kwenye hesi (mifereji kama ya skrubu), na ndipo watu wanapochukua mkasi. Mkasi unateleza, kioo kinapata mstari wa maisha.

Kifaa chake kinauzwa, lakini kwa kazi moja msinunue. Chukueni kandambili iliyochakaa, ioshwe ikauke, mkate duara lenye upana wa pete ile. Katikati toboeni tundu kubwa, mpira uguse pete tu, kioo usikiguse. Gundisheni duara hilo kwenye kizibo cha chupa cha plastiki kinachoingia humo. Mnabonyeza, mnazungusha kinyume cha saa, mpira unaishika pete na kuibeba. Pete ikigoma, tone moja dogo la spiriti kwenye hesi, kwa ncha ya njiti ya kiberiti, na kungoja kidogo. Koleo hapana. Viwanda vingine hutia gundi kwenye hesi makusudi. Ikikataa mara ya pili, funga ulete kwa fundi.

Sasa hatua ninayoomba mwenzako wa kemia asizungumze na mtu. Msiipindue lenzi juu ya taulo mkangoja bahati. Shika mwili wake mdomo ukitazama juu, weka kipande cha kitambaa safi cha pamba juu ya kioo, na juu ya kitambaa simamisha betri ya rimoti, ile nene ya AA. Betri ile ina unene wa milimita 14, inaingia bila kugusa kuta. Pindua vyote pamoja mpaka betri isimame mezani, mwenzako aishike, kisha wewe uinue mwili wa lenzi polepole kwenda juu. Vioo vinabaki vimekaa juu ya betri kwa mpangilio uleule: kioo, bushi (kile kipete kinachotenganisha vioo), kioo. Piga picha kwa simu hapohapo. Halafu kwa penseli laini chora mshale kwenye ukingo wa kila kioo, ncha ikielekea upande wa jicho. Bushi nayo ipigwe alama, maana nyingine haifanani juu na chini.

Mishale ikifutika, kumbukeni kwamba katika Plössl matumbo ya vioo yanatazamana, na pande bapa ziko nje. Kujua upande upi ni bapa, tazameni taswira ya tyubulaiti juu ya kioo. Upande bapa unairudisha taa karibu na ukubwa wake. Upande uliotuna unaifanya iwe kijiti.

Visafisheni kimoja kimoja, kipira kwanza, maji, spiriti, kama mlivyofanya nje. Kioo kishikwe ukingoni. Ule ukingo umepakwa rangi nyeusi ya kuzuia mwanga wa kupotea, na spiriti inaitoa, kwa hiyo usipanguswe. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha isiingie chumba hicho, inayeyusha plastiki. Kabla ya kurudisha kila kioo, puliza tena pande zote mbili, kwa sababu hakuna linaloudhi kama kufunga vizuri na kuona uzi mmoja umebaki ndani. Pete ikazwe mpaka mkitikisa lenzi karibu na sikio isilie. Isipolia, imetosha. Ukiendelea kukaza, kioo kinameguka ukingo.

SWALI: Shikamoo mama. Niko kidato cha tatu, naishi Rau, Moshi. Baba mdogo aliniazima darubini yake ndogo. Niliona lenzi moja, H 20mm, ina vumbi, nikaizungusha ikafunguka na vioo viwili vikaanguka kitandani. Nimevirudisha lakini sasa picha imevurugika, katikati ni afadhali kidogo, pembeni hakuna kitu. Baba mdogo anarudi Jumamosi.
Mwanafunzi, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu. Kitandani ni bahati, wengine vinaangukia saruji.

Umeangukia lenzi rahisi kuliko zote. H ni Huygens, Mholanzi aliyegundua mwezi mkubwa wa sayari ya Zohali mwaka 1655, na mpango wake ni vioo viwili tu, kila kimoja bapa upande mmoja na tumbo upande mwingine. Hakuna kilichogundishwa. Kile kidogo kinakaa jichoni, kile kikubwa kinakaa mbele, na katikati yao kuna pete yenye tundu. Sasa kanuni ambayo bila shaka wewe hukuifuata: bapa zote mbili zinatazama jicho lako, matumbo yote mawili yanatazama nyota. Kuna uwezekano mkubwa kimoja umekigeuza. Fanya jaribio la tyubulaiti nililompa mwalimu hapo juu, kigeuze, funga, tazama antena ya jirani mchana. Pembeni patakuwa pabaya kidogo bado, hivyo ndivyo zilivyo Huygens za bei nafuu, lakini picha itarudi.

Kama kwenye boksi kuna nyingine iliyoandikwa SR 4mm, na nadhani ipo, hiyo ni ya aina ya Ramsden, mpango wake ni tofauti, matumbo yanatazamana. Ila usihangaike nayo. Darubini ndogo za namna hiyo kwa kawaida zina kioo cha mbele chenye upana wa milimita 60 na urefu wa fokasi (umbali ambapo kioo hicho kinakusanya mwanga) wa milimita 700. Gawanya 700 kwa 4 upate ukuzaji wa mara 175. Kioo cha milimita 60 kinachoka kwenye mara 120 hivi, ukizidisha hapo unakuza ukungu tu. Ile 4mm imewekwa ili boksi liandikwe namba kubwa.

Baba mdogo mwambie. Ataona alama za vidole kabla hujafungua mdomo.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni dereva mwongoza watalii, nakaa Sakina. Darubini yangu ya macho mawili imejaa vumbi la Serengeti, nikizungusha vile vikombe vya macho vinakwaruza. Wageni nao wanaishika wakiwa wamejipaka losheni ya jua. Kawaida naifuta na shati, maana ndilo liko karibu. Je, naweza kufungua lenzi za jicho kama unavyoeleza za darubini ya nyota?
Dereva mwongoza watalii, Arusha

JIBU: Marahaba baba. Usifungue. Darubini ya macho mawili ni darubini mbili zilizopatanishwa zitazame mahali pamoja, na ukizigusa ndani zikatofautiana hata kidogo, mgeni ataona simba wawili na kichwa kitamuuma kabla ya chakula cha mchana. Zaidi ya hilo, kama yako haipitishi maji, kiwandani wameijaza gesi ya naitrojeni ili isishike ukungu ndani. Ukifungua, gesi imetoka, na hewa ya Ngorongoro asubuhi unaijua.

Habari njema ni kwamba hiyo isiyopitisha maji inaoshwa. Hakikisha imeandikwa hivyo kweli, na ule "ukinzani wa manyunyu" haitoshi. Fungulia bomba taratibu, maji yapite juu ya lenzi na kwenye vile vikombe huku ukivizungusha juu na chini. Utaona tope linatoka. Vikombe vya nyingi vinavuliwa kabisa kwa kuvuta au kuzungusha. Vioshe pembeni kwa sabuni ya mche. Kisha malizia vioo kwa maji ya betri na pamba kabla havijakauka, visibaki na madoa ya madini. Mafuta ya losheni ya jua yanatoka kwa isopropili, si kwa maji.

Shati liache. Baada ya siku tatu Seronera shati la kaki ni msasa. Tafuta brashi laini, ile ya kupakia poda usoni inafaa sana, iwe mpya na ikae kwenye mfuko wake wa plastiki, uipitishe kabla ya kufuta chochote. Na usiiache darubini juu ya dashibodi juani, grisi ya ndani inalainika, inatembea, na ikifika kwenye vioo ndipo utanilipa hela ya maana.

SWALI: Habari za kazi dada fundi. Nimenunua darubini iliyotumika kwa ajili ya wanangu. Kwenye boksi kuna kioo kidogo cheusi sana, kina hesi, kimeandikwa SUN. Kinaonekana kinafungwa chini ya lenzi ya jicho. Kina vumbi, nacho nikisafishe kwa spiriti?
Mama wa watoto wawili, Njiro

JIBU: Nzuri, mdogo wangu. Usikisafishe. Kifunge ndani ya kitambaa, kigonge nyundo, ukitupe leo, kabla watoto hawajajua kazi yake.

Kioo kile kinakaa mahali ambapo joto lote lililokusanywa na lenzi kubwa ya mbele linakutana. Kinapata moto, na kioo chenye moto kinaweza kupasuka ghafla jicho likiwa pale. Sehemu ya ndani ya jicho inayopokea picha haina mishipa ya maumivu, mtoto anaungua bila kusikia chochote. Kichujio cha jua kinachokubalika ni kile kinachofunika mdomo wote wa mbele wa darubini, kikazuia mwanga kabla haujaingia, na kimefungwa kisiweze kupeperushwa na upepo.

Nasema hivi kwa ukali kwa sababu ya tarehe. Mnakumbuka Septemba 1, 2016, jua lilipopatwa likabaki pete na watu wakafurika Rujewa kule Mbeya. Agosti 2, 2027 litapatwa kabisa Afrika Kaskazini, Misri ikiwemo, na huku kwetu litamegwa upande. Watoto watataka kutazama. Njia salama ni kutupia picha ya jua kwenye karatasi nyeupe nyuma ya darubini, mtu mzima akiwa amesimama pale muda wote bila kubanduka, na hakuna anayeweka jicho popote karibu. Kwa kazi hiyo tumia lenzi ya H yenye mwili wa chuma, ile ya kijana wa Rau. PL usiitumie, joto linaharibu gundi yake.

SWALI: Mama shikamoo. Lenzi yangu ya jicho imeota nyuzi nyeupe ndani, zimetawanyika kama mizizi. Ilikaa kwenye boksi lake la ngozi tangu mvua zianze. Nifanyeje, na je, itaambukiza nyingine?
Msomaji, Kibosho

JIBU: Marahaba. Huo ni ukungu, na huko mgombani ndiko kwake hasa. Hewa ikishakuwa na unyevu wa asilimia 70 kwenda juu kwa siku nyingi, giza likawepo, na boksi ni la ngozi, unaota. Unakula mafuta ya vidole na kope, na unatoa asidi inayochimba utando wa kioo, hata kioo chenyewe. Kwa hiyo huu hausubiri. Vumbi linaweza kukaa miaka bila kudhuru kitu, ukungu hapana.

Fungua kwa utaratibu wa mwalimu. Tofauti ni moja: kabla ya maji, loweka pamba kwa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa, ipitishe juu ya nyuzi, iache dakika moja kisha ufute, usiiache ikauke. Halafu maji, halafu spiriti. Bushi na pete nazo zifutwe, mbegu zake zimejificha kwenye hesi. Ukimaliza, tazama kioo kwa kukiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona bado kuna michoro ya mizizi lakini pamba haikwami popote, hiyo si ukungu tena, ni makovu yake. Yaache. Watu hujaribu kuyang'arisha kwa dawa ya meno wakapata kioo cha bafuni. Lenzi yenye makovu machache bado itakuonyesha miezi minne mikubwa ya sayari ya Mshtarii bila shida.

Kuhusu kuambukiza: mbegu za ukungu ziko hewani kila mahali, kwa hiyo anayeponza ni boksi, si jirani. Weka lenzi kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya. Vipakiti hivyo vikishiba unyevu havifanyi kazi. Vianike kwenye sufuria juu ya moto mdogo sana, au badilisha. Siku za jua zitoe lenzi zipate hewa kivulini. Lile boksi la ngozi usilirudishie kitu chochote chenye kioo, hata ukilianika wiki nzima.